Bei ya Herufi

Mimi ni Jabez Thirkell, mchonga mawe wa Aldermoor.
Bei yangu peni mbili kwa herufi,
nukta bure,
na mwaka nahesabu tarakimu moja moja
hata ukifia mwaka wenye sifuri.

Juzi kaja Lodi Lionel, utepe mweusi mkononi,
baba yake hajamaliza wiki kaburini.
Kanikunjulia karatasi ndefu kama kwaresima.
"Nasaba yote," kasema, "tangu shina."

Shina ni Odo Tansley,
aliyepewa ardhi na mfalme kwa upanga wake.
Hapa kijijini twajua upanga ule ulikuwa mkasi:
Odo alikata manyoya ya kondoo, akauza sufu,
akamkopesha mfalme,
na mfalme aliyeshindwa kulipa akalipa kwa cheo.
Lakini upanga una herufi nyingi kuliko mkasi.
Mimi ni nani nikatae?

Kisha Ralph Chongo, "aliyelipigania taji".
Taji la nani, karatasi haisemi,
maana alihama upande saa sita mchana
vita vikiwa katikati.
Kisha Anthony, aliyekausha kinamasi,
akapanda shayiri juu ya vibanda
vya wavuvi wa mikunga.
Wavuvi walikwenda wapi? Hawakulipiwa herufi.

Kisha Godfrey, marehemu wetu.
Huyu nilimjua. Mrefu, mwenye kigugumizi.
Miaka arobaini katika Bunge la Malodi
alisimama mara moja tu,
kuomba dirisha lifungwe.
Asubuhi aliiamkia mizinga ya nyuki
kabla ya kumwamkia mkewe.
Wake watatu aliwazika, na watoto saba;
vijiwe vyao vifupi tulichonga, baba yangu na mimi.
Walibaki wanne.
Karatasi ya Lionel inasema watatu.

Sikuuliza.
Binti mkubwa sote tulimwona, asubuhi ya theluji,
akipanda mashua ya makaa pale mferejini
na mwanamume mwenye kucha nyeusi.
Usiku ule baba yake alilipaka wino jina lake
katika Biblia ya familia,
akapaka, akapaka,
hata ukurasa ukatoboka.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana, mwezi wa Machi,
mzee aliingia karakana yangu bila mtumishi.
"Jina la he-herufi sita," kasema, "ni ki-kiasi gani?"
"Shilingi moja, bwana."
Akaiweka juu ya jiwe.
Kwa ncha ya bakora akaandika sakafuni,
katika vumbi la marumaru,
herufi, na herufi, mpaka zikatimia sita.
Bakora haikuwa na kigugumizi.
Akanitazama kama nimesoma,
akafuta kwa kiatu,
akaenda zake kwa nyuki wake.

Basi daftari langu lina mistari miwili:
Lionel, herufi mia tatu na tisa, hajalipa.
Godfrey, herufi sita, kalipa, hajapewa.
Dawa ya deni kulipa,
na la maiti ndilo zito,
kwa kuwa haji mlangoni kulidai.

Miguuni pa sanamu yake nimelaza mbwa wa jiwe,
ndiyo desturi ya makabaila.
Chini ya tumbo la mbwa,
pasipofika mkono ila wa mama anayefagia kanisa,
nilichonga usiku kwa mshumaa,
nyundo nimeivisha soksi.

Leo Lionel kaja kuhesabu.
Kidole kilipita juu ya Odo, juu ya Ralph,
midomo ikinong'ona kama mtoto wa shule.
"Mia tatu na tisa," kasema. "Hapana deni."
"Hapana, bwana."

Mnaotaka jina, nendeni mkapige magoti.
Mimi sitalitaja.
Shilingi ile ilikuwa ya kulichonga,
haikuwa ya kulitamka.